Usinisalimie

Mara ya mwisho mimi na Bashir kukaa pamoja bila mtu kutuangalia, tulikuwa tunabishana juu ya mbuzi. Alikuwa amekuja Machakos kumsalimia mamake, na kama kawaida yake hakuweza kutulia mjini bila kufika kwetu Mwala. Alinikuta mtoni. Mto wetu ni wa msimu. Mvua ikikatika unabaki mchanga mtupu, na maji unayafuata chini kwa jembe na kibuyu. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kisimani bila kuulizwa na kuanza kunijazia mitungi.

"Hawa mbuzi wenu wamekonda," alisema. "Ni kama wamefunga Ramadhani."

"Wamefunga kukushinda," nikamjibu. "Wewe nilikupata mchana wa Ramadhani nyuma ya choo ya shule, ukila chapati."

"Nilikuwa darasa la sita, Nzioka. Hata Mungu alishasahau hiyo."

Tulicheka mpaka nyanya yangu akatupigia kelele kutoka ukingoni kwamba maji yanapoa. Maji yalikuwa baridi tangu mwanzo. Yeye alipenda tu kutupigia kelele.

Babake Bashir alikuwa Msomali, mnunuzi wa ng'ombe. Alizunguka vijiji vyetu akinunua mifugo na kuipeleka machinjioni, na alipofika kwetu alikuja na mwanawe. Likizo za shule akawa anamwacha kabisa, maana mjini, alisema, kijana angejifunza upuuzi. Kwetu alijifunza Kikamba. Alikijua kunishinda mimi. Mimi nilisoma shule ya bweni na kuchanganya maneno. Nyanya hakutaka kujisumbua na jina la Bashir. Alimwita Muthama, jina tunalompa mtoto aliyezaliwa watu wakihama, na jina likamkaa.

Nyanya alikuwa na sheria zake za kisima. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake pale mchangani, kimezungushiwa ua wa miiba ili ng'ombe wasiingie. Ukimaliza kuchota, unafunga mlango wa ua kwa tawi moja. Unalisukuma miiba ikitangulia ndani, shina likibaki nje, ili anayekuja baada yako apate pa kushika. Lakini kama kisima kimeharibika, tuseme mbwa ametumbukia akafia humo, unaligeuza tawi: shina ndani, miiba nje. Anayefika anaona hana pa kushika, anajua, anarudi na mtungi wake. Sijui kama majirani walifanya vile. Kwetu ilikuwa sheria, na Bashir aliwahi kuchapwa fito za miguu kwa kuisahau.

Baada ya siku ile ya mtoni Bashir alirudi zake ng'ambo ya mpaka, Somalia, kwa amu yake. Alikuwa ameoa huko na kuingia katika biashara ya mbuzi. Mimi nilirudi kambini. Nilikuwa dereva jeshini, cheo changu koplo, na sikujiunga kwa sababu ya kupenda vita. Nilijiunga kwa sababu walikuwa wanafundisha kuendesha lori bure. Jeshi letu lilipovuka mpaka, nilivuka nalo nikiendesha lori la maji, lile tunaloliita bauza. Wenzangu walikuwa na mizinga. Mimi nilikuwa na pampu, mpira na tangi. Wekesa, askari kijana niliyepewa awe msaidizi wangu, alisema tukifa wataandika kwamba tulikufa tukinywesha watu.

Kambi yetu ilikuwa nje ya mji mdogo ambao sitautaja. Una msikiti, soko la mifugo, na mto wa mchanga. Nilipouona ule mto nilisimamisha gari nikautazama tu. Mchanga uleule, visima vilevile, ua uleule wa miiba. Wazee wa mji walitupatia kisima kimoja, cha mwisho upande wa chini. Sisi tulichota alfajiri, na jua likipanda wenye mifugo walinywesha. Wapiganaji tuliokuja kupigana nao walikuwa wameondoka mchana tulipoingia. Kila mtu alijua wanarudi giza likiingia, wanakula kwa watu, wanauliza nani ameongea na nani.

Nilimjua Bashir kwa mwendo kabla sijaona uso. Alikuja na kundi la mbuzi, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, vile alivyotembea tangu utotoni. Nilikuwa nimeshika mpira wa pampu. Nikauachia, nikainua mkono.

Akanipa mgongo. Akamkabili beberu mmoja mwenye pembe iliyovunjika, akaanza kumfokea kwa Kikamba.

"Wewe mwenye pembe, usinisalimie," alimwambia beberu. "Weka mkono chini. Hapa kuna macho."

Nilishusha mkono. Nikainamia pampu, nikaipiga kofi. "Pampu mbaya hii," nikasema kwa Kikamba. "Sikujua kama uko hai."

"Niko hai, na nina watoto wawili," akamwambia beberu. "Kunywa maji, mnyama. Mama yangu anaendeleaje?"

"Mzima," nikaiambia pampu. "Nilimwona kabla ya kuja. Anauza maziwa palepale nyuma ya msikiti."

Wekesa alikuwa ameketi juu ya tangi na bunduki mapajani. "Koplo," akasema, "naona jua imekuingia."

"Hii pampu inaelewa lugha ya mama," nikamwambia.

Basi tukaishi hivyo. Sijui ni asubuhi ngapi. Bashir alikuja na mbuzi nikimaliza kuchota, akawagombeza, nami nikaigombeza mashine. Watu wa mji walimcheka, mtu anayesema na mbuzi maneno yasiyoeleweka. Tulipashana habari zote kwa njia ile. Nilimwambia nyanya amekufa, na yule beberu akapata makofi ambayo hakuyastahili. Akaniambia mtoto wake mkubwa ana pumu. Hatukuwahi kutazamana usoni. Kambini kulikuwa na wanaume tele, na wengi walikuwa watu wazuri, lakini nilipolala nilihesabu saa za kurudi mtoni nikaongee na pampu. Hapo ndipo nilipojua upweke una kiasi gani.

Mambo ya vita hatukuyagusa. Sikumuuliza nani analala wapi, naye hakuniuliza magari yetu yanatoka lini. Hatukupatana hivyo. Ilikuwa tu heshima.

Asubuhi ile tulifika mtoni kama kawaida. Wekesa aliruka chini na mpira begani, akaelekea kwenye ua wa kisima.

Tawi lilikuwa limegeuzwa.

Shina ndani. Miiba nje.

"Wekesa," nikasema. "Simama."

Alisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Namshukuru Mungu kwamba kijana yule alikuwa mtiifu, maana wenzake wengi wangeuliza kwanza kwa nini.

"Rudi kwa alama za viatu vyako. Zile zile."

Alirudi. Tuliwaita mafundi wa mabomu. Walikuja wakalala kifudifudi, wakakwangua mchanga kwa vidole, na wakatoa bomu pale hasa ambapo msaidizi wangu husimama kuvuta tawi. Lilikuwa kubwa. Lingemchukua yeye, mimi na gari. Wekesa alienda nyuma ya bauza akatapika, kisha akarudi akaniuliza kama bado tutachota maji.

Kapteni wetu hakuwa mtu mbaya. Ninasema hivi mapema ili mtu asimtafute wa kumlaumu mahali asipo. Aliniita hemani mwake, akanipa kiti.

"Ulijuaje, Koplo?"

"Niliona mchanga umechezewa, afande."

"Mafundi wanasema mchanga ulikuwa umefagiwa vizuri sana. Wao wenyewe hawangeona." Akasogeza kiti chake karibu. "Mtu alikuambia. Mtu mwenye kujua hilo moja anajua mengine. Sikulazimishi. Lakini kesho lori linatoka tena."

Nilimwomba siku mbili. Akanipa.

Nilitaka kumuuliza Bashir kwanza. Niliamini angemwambia beberu wake mahali mengine yalipo, nami ningerudi kwa Kapteni na majibu bila jina. Asubuhi iliyofuata tulichota kisima cha juu, chini ya ulinzi. Mbuzi walikuja, lakini wameletwa na mke wake. Nikaiambia pampu kwa Kikamba, "Yuko wapi? Mengine yako wapi?" Yule mama alinitazama kama mtu mwenye kichaa, akavuta mtandio wake, akawahimiza mbuzi. Siku ya pili ikawa vilevile. Nikaelewa kwamba Bashir anaangaliwa, au anaogopa, au vyote viwili, na kwamba mlango wetu umefungwa.

Likizo yangu ilikuwa imekaribia. Wekesa ndiye angeshika usukani. Wekesa hakuwa na nyanya yangu, wala mto wetu, wala rafiki wa kumgeuzia tawi. Alikuwa na mchumba Bungoma aliyemwandikia ujumbe mrefu mrefu ambao alinisomea nusu nusu kwa aibu. Nikikaa kimya, na siku moja nikiwa Machakos nimeegesha miguu nikasikia redio ikitaja lori la maji, nitasema nini? Na nikisema, Bashir atakuwaje?

Niliosha gari lote siku ile, mpaka chini ya matairi, na halikuwa chafu. Kisha nikaenda kwa Kapteni, nikamwambia.

Nilimpa masharti, jambo ambalo koplo hampi kapteni. Nilisema mtu huyu ametuokoa. Asipigwe. Asisukumwe. Asifungwe kamba. Na mimi niwepo.

"Nakubali yote," alisema Kapteni. "Nataka kuongea naye tu. Nitamrudisha na heshima yake."

Alitimiza kila neno.

Tulimkuta sokoni, ameketi kati ya mbuzi wake na wanunuzi wawili. Magari yalipozimwa, soko zima likageuka kutuangalia. Kapteni akaniashiria nitangulie.

Nilitembea mpaka mbele yake.

"Wi museo, Muthama?" nikasema. Hujambo, Muthama. Nikanyoosha mkono.

Aliutazama mkono wangu, kisha watu waliosimama pande zote.

"Umenisalimia," akasema kwa Kikamba.

"Kapteni anataka kuongea na wewe. Hakuna mtu atakugusa. Nimesimamia hiyo mimi mwenyewe."

Akasimama. Akaangusha fimbo. Akaweka mikono yake mbele, kifundo kwa kifundo.

"Nifunge."

"Hapana."

"Nzioka, nifunge mikono. Nisukume. Nipige teke watu waone."

Nilidhani ananitukana. Nilidhani ameshaona ni nani amemtaja, na anataka nifanye ubaya wote kwa mkono wangu mwenyewe ili nisiusahau. Iliniuma sana. Nilikuwa nimebishana na mkubwa wangu kwa ajili ya mikono ile.

"Wewe si mwizi," nikamwambia. "Siwezi kukufunga kama mwizi. Mama yako ananijua."

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana usoni tangu siku ya mto wetu Mwala. Alikuwa amezeeka. Mimi pia, bila shaka.

"Haya," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

Akatembea mwenyewe hadi kwenye gari. Kapteni, kwa heshima aliyoniahidi, alimfungulia mlango wa mbele. Askari mmoja akampa chupa ya maji baridi. Bashir hakunywa, lakini aliipokea, na gari lilipozunguka, soko zima lilimwona ameketi mbele, ameshika ile chupa.

Kambini hakuficha kitu. Aliwaambia ni njia zipi watu wa mji wameonywa wasipite, kwa sababu wapiganaji walikuwa wamewaonya wenyewe, watoto wa watu wasije wakakanyaga. Mafundi walienda wakakuta alivyosema. Bomu moja lilikuwa penye kona tuliyozoea kupunguza mwendo. Wekesa angepita hapo juma lile.

Kesho yake Kapteni alimwambia yuko huru. Akamwambia pia kwamba kuna gari linaenda mpakani, apande, arudi Kenya, mambo mengine yatapangwa.

"Na mke wangu? Na watoto?" Bashir akauliza.

"Tutatuma watu wawachukue."

"Mkituma watu nyumbani kwangu, mtakuta nini?"

Bashir akasema atarudi mwenyewe, aonekane anarudi, aseme aliulizwa akakataa kujibu. Pengine wangeamini. Nikamsindikiza mpaka kwenye kizuizi cha lango. Hapo tulikuwa wawili tu na kijana wa zamu, asiyejua Kikamba.

"Mbona ulitaka nikufunge?" nikamuuliza. "Ulitaka kuniaibisha?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto mgumu wa hesabu.

"Aliyefungwa amekamatwa," alisema. "Asiyefungwa ameenda mwenyewe. Hapa hakuna mtu hajui hiyo."

Nikaanza kusema jambo, sijui ni lipi. Akanigusa bega.

"Wewe ulifanya kazi yako. Yule kijana wako mwenye kupenda kukaa juu ya tangi, ningekuwa wewe pia ningesema. Sina neno juu ya hiyo." Akavuta pumzi. "Lakini ungenifunga, Nzioka."

Akaenda. Hakuwa na fimbo yake, ilibaki sokoni. Mikono ilimning'inia kando kama hajui aiweke wapi.

Siku chache zikapita kimya. Nikaanza kutumaini, na tumaini ni kitu kipumbavu, halihitaji sababu. Kisha asubuhi moja nikiwa mtoni nilisikia risasi kutoka upande wa soko. Chache tu, na kimya.

Wekesa akashuka kutoka juu ya tangi.

Tuliendelea kuchota, kwa sababu kambi ilikuwa na kiu.

Jua lilipopanda, mbuzi wa Bashir walikuja. Ilikuwa saa yao, na hakuna aliyewaleta. Walisimama kwenye birika la mifugo wakingoja. Niliwajazia, nikangoja wanywe wote, mpaka yule beberu wa pembe moja. Sikuwa na la kumwambia. Kapteni alituita kwa redio mara kadhaa akiuliza kwa nini tumechelewa, na Wekesa akamjibu kwamba pampu ina shida.

Nilisikia mengine baadaye kwa vipande. Wapiganaji walimuua mbele ya watu, wakasema ndivyo inavyokuwa kwa mgeni wa jeshi. Neno lilikuwa hilo, mgeni. Mke na watoto walitoroka na watu wa ukoo wake wakaingia Garissa, na huko wako mpaka leo. Wekesa yuko hai. Alimwoa yule mchumba, na kila mwaka mpya hunitumia picha ya watoto ambao hukua haraka kupita kiasi. Nikiulizwa kama nilikosea kumtaja Bashir kwa Kapteni, nasema hapana. Nimepima jambo hilo miaka mingi, na kila nikipima linatoka vilevile. Ningenyamaza, Wekesa angekuwa kaburini, na wengine pamoja naye.

Jambo lisilopimika ni la mikono. Lile halikuwa la kazi. Kazi haikujali kama amefungwa au hakufungwa. Nililiomba mimi, kwa mapenzi, ili niweze kulala, na nilikataa alichoomba yeye kwa sababu nilidhani najua zaidi ni nini heshima. Nilitaka kumtii Kapteni na kumpendeza rafiki siku ileile. Mshika mawili moja humponyoka, wanasema. Mimi nililolishika lilikuwa langu, si la rafiki.

Nilipostaafu nilirudi Mwala. Mke wangu alikuwa ameshazoea kuishi bila mimi. Alipata kazi ya kushona katika viwanda vya EPZ, Athi River, akapanga huko, na anakuja Krismasi kama mgeni mstaarabu. Binti yetu yuko Syokimau na hunipigia simu Jumapili, huku nikisikia anaosha vyombo. Mimi nina kibarua cha kuendesha lori la maji, napeleka kwenye majengo wanayojenga Konza. Vijana wa pale huniita Mzee wa Maji. "Niaje, Mzee wa Maji?" Nawaitikia poa. Mchana nakula peke yangu ndani ya gari, na nikijikuta nataka kuongea na pampu, nawasha redio.

Kwa muda mrefu sikupita mtaa ule wa nyuma ya msikiti. Nilipokuwa na shughuli mjini Machakos nilizunguka kwa juu, kupitia stendi. Mamake Bashir alijua niko. Machakos si kubwa hivyo. Mwishowe alimtuma mwenye duka la ngozi aniambie: mwambie Nzioka nimezeeka, asingoje kunizika ndipo aje.

Nilienda Ijumaa moja baada ya swala. Alikuwa ameketi mlangoni pake na mitungi ya maziwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yana ukungu. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachilia.

"Nzioka mwanangu. Umekawia."

"Nimekawia, Mama. Nisamehe."

"Ingia ukae. Umekula?"

Alinipa wali na nyama, akaketi karibu nami akisikiliza nikitafuna. Aliuliza nyumba yangu, mke, binti. Nilijibu. Nilijua maswali ya Bashir yanakuja, na nilikuwa nimeyaandaa majibu yangu mengi njiani. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli: kwamba nilimtaja mimi, na kwa nini. Nilimwambia. Sikupamba kitu. Alisikiliza hadi mwisho akipitisha tasbihi.

"Hiyo naijua," alisema. "Mkwe wangu aliniambia, walimchukua askari, na wewe ulikuwa mbele. Ulikuwa askari. Ungefanya nini? Mungu ndiye anaandika siku. Sikukuita kwa hiyo."

Nikaweka kijiko chini.

"Nataka uniambie kitu moja tu, na usinidanganye. Msafiri mmoja alikuja hapa, akasema aliona. Akasema mwanangu alivutwa kwa kamba sokoni kama mbuzi, mikono nyuma, watu wakimwangalia. Miaka yote hii nikifumba macho naona hiyo mikono. Nikiamka kuswali naona hiyo mikono. Wewe ulikuwa hapo. Walimfunga?"

Nje, majirani walikuwa wanateremsha magunia kutoka kwenye mkokoteni. Niliwasikia wakihesabu.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hakufungwa. Niliwaambia wasimfunge. Alitembea mwenyewe, wakamfungulia mlango, wakampa maji."

Alijifunika uso kwa mtandio. Alilia kwa muda bila sauti. Alipofunua uso, nilimwona kwa mara ya kwanza siku ile akifanana na mama niliyemjua, aliyekuwa akitufukuza jikoni na mwiko.

"Wewe ndiye uliwaambia?"

"Ni mimi."

"Basi wewe ni ndugu yake kweli," alisema. "Umeniondolea jiwe. Mungu akulipe kwa wema huo, Nzioka. Akulipe hapa na huko."

Aliinua mikono yake, akaanza kuniombea. Alilitaja jina langu pamoja na la Bashir, la Bashir kwanza kisha langu, na akangoja.

Nikasema amina.